Darubini ya Kupima Watu

Baba Salma,

Sijui kama huko uliko habari hufika zenyewe au hungoja mtu azipeleke. Mimi nazipeleka. Na nianze na ile itakayokuudhi: pikipiki yako nimeiuza. Ndugu yako Rashidi alikuwa ameshaizungukia kama kunguru, amejaribu honi, amepangusa tangi kwa shati lake, huku akituambia mali ya marehemu hukaa kwa wanaume. Nikamuuzia mwalimu mmoja wa Elburgon, mchana kweupe, mama yako akiwa amekaa barazani anaona. Rashidi hajanisalimia tangu siku hiyo. Sijapungukiwa na kitu.

Na kwa pesa yake nimenunua darubini.

Nakusikia ukicheka. Wewe ambaye ulitembea maisha yako yote na macho mawili tu ya Mungu! Ulikuwa unasimama pale kwenye ukingo wa ngano iliyovunwa, kule juu ya Rongai, unaniambia kuna kanga wamelala nyuma ya vichaka vya leleshwa, na mimi sioni kanga wala leleshwa. Wageni wako wa Nairobi walikuwa na miwani na kofia na leseni na bunduki za bei ya nyumba, lakini ndege walionyeshwa na wewe. Kazi ya kuwapeleka ilikuwa ya baba yako, na kabla yake ya babu yako. Na mimi miaka yote hiyo nilikuwa nyuma yako na sufuria. Nanyonyoa, napika, naosha, na wakati wote natazama. Hilo la kutazama ndilo watu hawakuliona. Pengine hata wewe.

Nitasema mara moja tu jinsi ulivyokufa, kwa sababu hapa nyumbani kila mtu anazunguka. Wanasema "ile siku." Wanasema "yaliyotokea." Mama yako anasema "mwanangu alipoitwa."

Hukuitwa. Ulipigwa risasi.

Wageni walikuwa wamesimama kwa mstari kando ya mtaro, bunduki mkononi. Kimutai na vijana wake walikuwa wanaswaga ndege kutoka upande wa pili, wanapiga makofi na kugonga madebe, wewe ukiwa katikati yao. Kanga mmoja alianguka mbele yako, bawa limevunjika, na wewe ukatoka kwenye mstari ukamkimbilia na kisu ili umchinje kabla hajafa, umpate halali. Ukainama. Kwale akaruka chini chini. Na yule tunayemwita Wakili akamfuata kwa mtutu, akafyatua.

Mimi nilikuwa kwenye gari, nakata vitunguu. Nilisikia mlio. Nilikuwa nimesikia milio asubuhi nzima, Baba Salma, kwa hiyo niliendelea kukata. Niliendelea. Mpaka nikasikia madebe yamenyamaza.

Wakili hakukimbia, hilo namkubalia. Alilia, akakubeba yeye mwenyewe mpaka kwenye gari, shati lake likaloa. Lakini polisi walipomuuliza alisema, "Nilidhani yuko mbali. Zaidi ya mita mia. Shambani mtu hawezi kujua umbali." Na wote wakatingisha kichwa kukubali. Mwenye shamba akatingisha. Wageni wakatingisha. Hata Rashidi, ambaye hajawahi kukanyaga shamba lile, alitingisha. Ikaandikwa ajali, nasi tukakuzika kabla ya Magharibi.

Shambani mtu hawezi kujua umbali. Nilikaa eda yote na maneno hayo. Nilipokuwa nakunja nguo zako, yalikuwepo. Nilipokuwa namfundisha Salma sura za kusoma kwa ajili yako, yalikuwepo. Mimi sikubisha kwamba ni ajali. Nilibisha hilo la kutokujua. Wewe ulikuwa unajua. Kama wewe ulijua, basi jambo lenyewe linajulikana.

Eda iliisha Januari, na unajua Januari hiyo ilivyokuwa, au pengine mlipata wageni wengi huko wakawaambia. Moshi kila upande baada ya kura. Watu wakipita na magodoro kichwani, majirani wa mlango kwa mlango wameacha kusalimiana. Rashidi akasema twende Mombasa kwa shangazi zenu mpaka nchi itulie. Nikamwambia aende yeye. Nyumba hii ya Bondeni umeniingiza wewe na kaburi lako liko hapa. Mama yako aliposikia hivyo akavua baibui alilokuwa ameshavaa kwa safari, akarudi jikoni. Hatujawahi kupendana sana mimi na yeye, lakini siku hiyo tulisonga ugali pamoja.

Basi mwezi wa sita Kimutai akaja. Alisimama mlangoni, kofia mkononi, mwanaume mrefu hivyo akajifanya mfupi. "Mama Salma," akasema, "msimu unafunguliwa. Wageni wamepiga simu. Shemeji yako amesema atawapeleka yeye." Nikamuuliza, na wewe umesema nini? "Mimi nimesema vijana wangu hawaingii mbele ya bunduki kama Rashidi ndiye anasimamia. Huyo anauza viatu vya mtumba. Ndege anajua tu akiwa kwa sahani." Halafu akatazama chini. "Lakini tusipoingia, hakuna kazi. Na mashamba mengine bado hayajalimwa tangu vurugu. Vijana wako na njaa."

Nikamwambia nitawapeleka mimi.

Mama yako alisikia kutoka jikoni. "Juzi tu umetoka eda, leo unafuata bunduki? Bunduki hiyo hiyo?" Nikamjibu ndiyo, mama, hiyo hiyo. Akasema watu watasema. Nikasema watu walipata nafasi ya kusema mbele ya polisi, na tumeona walichosema.

Nisikufiche, niliogopa. Kujua alipo kanga, naweza. Kujua mtaro gani unajaa maji na njia gani gari haipiti, naweza. Lakini jicho lako la umbali sina. Wewe ukitazama ulijua. Mimi nikitazama nakisia, na kukisia ndiko kulikokuua. Ndipo nikakumbuka mgeni mmoja aliyekuwa na darubini ambayo ukibonyeza inakuandikia mita ndani ya kioo. Uliishika siku moja ukairudisha, ukasema, "Hii ni ya mtu asiyejua." Sawa. Mimi ndiye huyo.

Nilienda kwa Mzee Harbans, yule mwenye duka la nyavu na risasi ambaye hukuweza kupita mlangoni kwake bila kunywa chai. Alisimama aliponiona. Alisema pole kwa Kiswahili, kisha akaisema tena kwa lugha yake, na macho yake yakawa na maji. Nikamweleza ninachotaka. Akatikisa kichwa polepole.

"Mama Salma, kwa ndege huhitaji hii. Ndege anaruka, kabla wewe kubonyeza ameshaenda. Hii ni ya watu wanawinda paa kwa nchi zingine, mnyama anasimama, wewe unapima. Usitupe pesa yako."

Mkulima mmoja alikuwa ameegemea kaunta na kofia yake kubwa. Akacheka. "Mathe anataka kupima sukuma wiki iko mbali aje."

Nikasema, "Sitaki kupima ndege. Nataka kupima watu."

Mkulima akavua kofia. Mzee Harbans akaingia nyuma, akarudi na darubini tatu akazipanga juu ya kitambaa.

Ya kwanza ilikuwa ya Kijerumani, imeachwa na mzungu mzee aliyehamia kwa watoto wake. Uzuri wake, acha tu! Niliona nyufa za ukuta upande wa pili wa barabara kama niko nazo uso kwa uso. Lakini ilikuwa nzito kama jiwe la kusagia, na inavuta mara kumi, na kila nilipopumua kila kitu kilitetemeka. Mzee Harbans akaniambia kweli: ikivuta sana, mkono nao unaonekana sana. Bei pia ilikuwa ya mtu mwingine.

Ya pili ilikuwa nyepesi, mpya, rahisi. Nikapima ukuta mweupe, ikasema. Nikapima lori, ikasema. Nikamwomba askari wa duka, yule mwenye koti jeusi, avuke barabara asimame mbele ya ua wa michongoma. Nikabonyeza. Ikanipa umbali wa jengo lililo nyuma yake. Nikabonyeza tena, jengo. Mara ya tatu ikanipa jani lililokuwa karibu yangu. Mtu mzima amesimama pale, anapumua, anakuna shingo, na chombo kinapita juu yake kama hayupo. Nikairudisha mezani. Mzee Harbans akataka kuniambia ni nzuri kwa bei yake. Nikamwambia ya namna hiyo tayari tulikuwa nayo shambani, ilikuwa imevaa kofia na ilikuwa na leseni.

Ya tatu haikuwa na urembo. Nyeusi, mpira unaoshikika hata mkono ukiwa na mafuta, inavuta mara nane. Nilimwelekezea askari na koti lake jeusi na ikampata yeye, si ua, si jengo. Inasoma kwa mita, si zile yadi za kupigia hesabu. Na Mzee Harbans akanionyesha kitu ambacho ndicho kilichomaliza maneno: ukishikilia kifungo bila kuachia, inaendelea kupima. Nikashikilia. Askari akaanza kurudi, na namba zikashuka pamoja naye, hatua kwa hatua, mpaka akafika mlangoni akaniuliza, "Sasa mama, nimefaulu?"

Nililia hapo, Baba Salma. Katikati ya nyavu za samaki. Askari wa watu akadhani amekosea.

Betri zake zinapatikana kwenye studio za picha, hata za mitaani. Niliuliza hilo kabla ya kulipa.

Nyumbani Salma ndiye aliyenifundisha. Tulikuwa tunapanda ngazi mpaka juu kunakoanikwa nguo, yeye anasema, "Mama, lile tangi?" Mimi nakisia, halafu napima, halafu tunacheka nilivyokosea. Siku za kwanza nilikosea hata nusu kwa nusu. Nikaelewa jinsi jicho linavyodanganya: kitu kikiinama, kikiwa na rangi ya udongo, jicho linakisukuma mbali. Wewe ulikuwa na shati la kaki.

Kisha siku ikafika.

Nilivaa baibui fupi, suruali ndani yake, na buti zako na soksi mbili. Darubini shingoni, filimbi mkononi. Kimutai alikuwa na vijana wake upande wa pili wa shamba lile lile, kwa sababu sikukubali tuhamie jingine. Magari yakaja. Na Wakili akashuka kwenye la mwisho.

Sikuwa nimeambiwa kama atakuja. Amekonda. Alinisalimia akitazama kola ya nguo yangu. Nikawaambia wote sheria: watu wa Kimutai wakija, mimi napima. Wakifika mita mia mbili, napuliza filimbi. Baada ya filimbi hakuna bunduki inayoelekea mbele. Ndege aliyewapita kichwani mnaweza kugeuka mkampiga nyuma. Aliye mbele ni wa Mungu. Na nikisema tunafunga, tunafunga.

Mmoja wao, mtu mnene ambaye simjui, akasema, "Mama, sisi tumepiga ndege hapa kabla yako. Watu wanakuwa mbali kabisa. Na shambani huwezi kujua—"

Hakumaliza. Nikamwita Kimutai kwa simu nikamwambia atoke kwenye mstari, aje asimame mahali pale. Hakuuliza mahali gani. Akaja akasimama. Nikavua darubini nikampa Wakili.

"Simama ulipokuwa umesimama," nikamwambia.

Alipajua. Akaenda akasimama kando ya mtaro.

"Bonyeza. Tusomee."

Alibonyeza. Nikamwambia asome kwa sauti, wenzake wasikie. Akasema, "Arobaini na moja."

Yule mnene akaanza kuangalia viatu vyake. Wakili aliteremsha darubini, uso wake umekuwa rangi ya majivu, akaniuliza polepole, "Mama Salma, unataka nifanye nini?"

Nilikuwa nimeandaa majibu mengi kwa hilo swali. Eda nzima nilikuwa nayaandaa. Lakini lililotoka halikuwa hata moja kati ya hayo. Nikasema, "Weka bunduki kwenye gari. Leo utatembea na Kimutai. Utagonga debe."

Mnene akasema huo ni wazimu, yeye hakuja kudhalilishwa na mpishi, akaingia kwenye gari lake na mwingine mmoja wakaondoka, na pesa yao ikaondoka nao. Waende. Wanne wakabaki. Na Wakili akafunga bunduki yake ndani ya mkoba, akavuka shamba peke yake, akachukua debe.

Sasa sikiliza, maana hili sijamwambia mtu.

Walianza kuja. Nikamtafuta Wakili kwenye kioo, nikampata, nikashikilia kifungo. Ndege walikuwa wanaruka, bunduki za wanne zinalia, kila kitu kilikuwa salama, wako mbali. Namba zikashuka. Mia tatu na kitu. Nilimwona anajikwaa kwenye mabua. Nilimwona anainua kichwa kila mlio unapolia. Mia mbili na hamsini. Kulikuwa na kwale wengi chini chini mbele yake, na nikajua wakiruka wataruka hivyo hivyo. Filimbi ilikuwa midomoni mwangu. Na nikawaza, nikichelewa kidogo. Kidogo tu. Nani atajua? Ni mimi peke yangu niliye na namba. Nitasema nilibonyeza ikanipa jani.

Namba zilikuwa ndani ya jicho langu, Baba Salma. Hakuna mwingine aliyeziona.

Nilipuliza. Nilipuliza mpaka masikio yakaniuma, mbwa wa mwenye shamba wakabweka huko kwao. Mitutu yote ikainuka juu. Kwale wakaruka, wakapita chini chini kati yetu, wote, hakuna aliyewagusa.

Alipofika kwenye mtaro alikuwa na manyasi kichwani na damu ya miiba mikononi. Alisema, "Marisau ya bunduki yanaanguka kwenye majani kama mvua. Sikujua mnayasikia." Kisha akasema pole. Alikuwa amesema pole mazishini, lakini ile ilikuwa ya kusema. Hii ilitoka. Sikuipokea wala sikuikataa. Nilimpa maji akanawa. Akarudi tena kuswaga mara ya pili, bila mtu kumwambia, na mchana akala na vijana wa Kimutai chini kwenye nyasi.

Sijui kama nimemsamehe. Watu wananiuliza kana kwamba ni kitu cha kununua dukani. Ninachojua ni kwamba nilimpima na nikampulizia, na kila mara nitampulizia.

Jioni nilileta kanga wawili nyumbani. Mama yako akawageuza geuza, akatazama shingo zao. "Amechinja nani?" Nikasema mimi. Kisha akasema kisu chako ni butu, nimpe akinoe. Akapika yeye, kwa nazi ya kopo, na Rashidi akaja akala bila kunisalimia, akaongeza mara mbili.

Wameshaanza kunisema mjini. Wengine wananiita Mama Filimbi. Imamu ameulizwa kama inafaa, na nasikia amejibu kwamba mjane anayelisha yatima wake aachwe alishe. Mwenye shamba wa jirani naye ametuma mtu, anataka nisimamie kwake pia, lakini kwa sheria zake. Nimemjibu kwamba nina zangu.

Basi nikuage. Mola akupe nuru hapo ulipo, akupanulie. Usitusumbukie. Salma amekuwa wa nne darasani na amevunja kikombe chako cha chai, nimemkemea kisha nikamkumbatia. Kesho ni Jumamosi. Nina wageni sita na vijana kumi na mmoja, kila mmoja namjua jina na jina la mama yake. Nakuahidi, Baba Salma: kwa kadiri ya macho yangu na pumzi yangu, jioni wote watarudi makwao kula.

Mkeo,
Mama Salma